Fundo Tuliloliacha Sailan

Sipendi harufu ya mafuta ya nazi yanayoungua. Kichwani nimelelewa nayo, na kwenye chakula nayala kwa raha zangu, lakini yakiwashwa kwenye utambi, ule moshi mzito wenye utamu ukaanza kupanda, mikono yangu hupoa. Juzi jirani zetu wa chini hapa Nizwa, watu wa Kerala, walikuwa na sikukuu yao, wakapanga taa ndogo za udongo mlangoni kwao. Nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa vitunguu. Nikasimama ghafla, mwanangu aliyekuwa nyuma akanigonga mgongoni, akauliza kuna nini. Nikamwambia ngazi zimenichosha. Mtu wa umri wangu akisema ngazi zimemchosha huaminiwa upesi.

Sikumwambia kwamba nilipokuwa mdogo kuliko yeye, umri wa kung'oka meno ya mbele, niliishi muda mrefu nikingoja kuchukuliwa. Sikuwa nangoja mwizi, wala jini wa kutishiwa watoto wasiolala mchana. Nilikuwa namjua anayekuja, naijua na sababu yake, na kwa jinsi nilivyoelewa mambo wakati ule, ilikuwa haki yake.

Tulikuwa tukikaa Ibra, nyumba iliyopakana na shamba la mitende, na falaji, mfereji wa maji ya mashamba, ikipita nyuma ya ukuta wa jiko, maji yake yakisikika kutwa. Mama alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia, na tangu siku ile miguu yake Mama ikakataa kumbeba. Madaktari wa Maskati walimpiga picha, wakamchoma sindano, wakamrudisha nyumbani na vidonge. Alikuwa akilala ubavu, uso ukutani, mkono mmoja chini ya shavu, macho wazi. Nikirudi skuli nilikuwa nikimkuta vile vile nilivyomwacha. Niliambiwa amechoka. Mie nilikuwa najua mtu akichoka hulala akaamka, kwa hiyo nilikuwa najua pia kwamba nadanganywa.

Nyumba ilishikwa na Bibi, mama yake Mama. Bibi alitoka Unguja akiwa mwanamke mbichi, akaja Omani na sanduku moja na Kiswahili chake, na vyote viwili alivitunza. Baba, aliyezaliwa hapa hapa Ibra, alikuwa akimsikia vizuri lakini akimjibu kwa Kiarabu, kwa heshima kubwa, na mazungumzo yao yakaenda hivyo hivyo miaka yote, kila mmoja na lugha yake. Msaidizi wetu wa nyumbani, Kusuma, alikuwa mtu wa Sri Lanka. Alikaa na Bibi jikoni hata akajua Kiswahili kabla ya Kiarabu, wauza duka wa Ibra wakawa wanamshangaa. Bibi alinikataza kumwita jina tupu. Nilimwita dada Kusuma.

Jioni Bibi alikuwa akinipaka mafuta nywele na kunihadithia ya kwao. Moja lilikuwa la mkuyu uliokuwa nyuma ya shamba la ami yake, Pemba. Watu wazima waliosali na kufunga walikuwa wakienda pale kimyakimya mambo yakiwazidi, na ubani na yai, wakifunga kitambaa tawini na kuomba. Kitambaa si kitambaa, alisema Bibi. Nguo ya mtu ni mtu. Ukifunga nguo yako umejifunga wewe, ukifunga ya mwenzio umemfunga mwenzio. Ukipata ulichoomba, mwenye nguo arudi mwenyewe afungue fundo lake ashukuru. Asiporudi, mti humfuata. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mtoto wake yuko taabani kwa surua, akafunga kipande cha nguo ya mdogo wake bila kumwambia. Mtoto akapona. Yule mdogo mtu, bila homa wala jeraha, akanyauka kama mchicha uliosahauliwa juani. Bibi akimaliza alikuwa akisema astaghfirullah mara kadhaa, kisha akinisuka.

Ikawa Baba ameambiwa na mwenzake wa kazini habari za nyumba moja ya dawa za mafuta huko Sri Lanka, milimani, ambako watu waliopooza huchuliwa wakainuka. Tukafunga safari sote, Kusuma akiwa mkalimani wetu. Kabla ya kuondoka Bibi alitoa doti ya kanga aliyoletewa na shoga yake kutoka Unguja, nyekundu iliyoiva, yenye korosho nyeupe na maneno ya kumsifu mama, kama ilivyo nusu ya kanga duniani. Akaikata, akazipinda pande mbili kwa mkono, wangu kwa uzi wa kijani na wake kwa uzi mweupe, ili tusije tukagombea. Wangu ulikuwa wa kujifunikia ndegeni. Nilijifunika mpaka kichwa nikahisi mkubwa.

Bibi aliiita nchi ile Sailan, kama walivyokuwa wakiiita wazee wake. Gari lilipoanza kupanda milima alishusha kioo akatoa uso nje. Kulikuwa na minazi, mifenesi, mishelisheli, na mbele ya nyumba moja karafuu zimeanikwa kwenye jamvi. Bibi akaanza kulia bila sauti. Hakuwa ameona karafuu juani tangu aondoke kwao. Kesho yake alikuwa akiwaamkia wazee wa njiani kwa Kiswahili, na wasipomjibu akikasirika. Kusuma alicheka, mimi nilicheka, lakini sasa naona kwamba pale ndipo lilipoanzia jambo lenyewe. Macho ya Bibi yalikuwa yamemwambia kwamba amerudi kwao, na kila alichokiona baada ya hapo alikisoma kwa elimu ya kwao.

Mama hakupata nafuu. Walimmiminia mafuta ya moto, wakamfunga majani, na baada ya siku chache akapata homa, akaacha kula. Mganga mzee wa pale alimwambia Baba wasubiri. Baba alisubiri, ndiyo tabia yake. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kizingitini nachezea mbegu za mti wa mpira, na mlango wa Mama ulikuwa wazi. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeomba maji:

"Mama, nirudisheni Ibra nikafie kwangu. Nimeshachoka kukutazameni mnavyonitazama."

Bibi alitoka mle chumbani akanipita bila kuniona. Akamwendea Kusuma aliyekuwa anafua, akachutama karibu naye. Aliuliza kama kwao hapakuwa na pahala watu wanapokwenda madaktari wakishamaliza. Mfa maji haachi kutapatapa, na Bibi alikuwa anakufa maji ya mwanawe. Kusuma alifikiri, kisha akasema lipo hekalu la zamani msituni, la watu wa Buda, la kale kuliko kijiji, mamake alimpeleka alipokuwa mtoto mgonjwa. Baba aliambiwa tunakwenda kutazama mashamba ya mdalasini.

Tulikwenda kwa bajaji mpaka barabara ilipokwisha. Ilikuwa imenyesha, na msitu ulikuwa bado unadondosha maji. Mtoto wa Ibra hajui msitu. Kwetu ukitazama unaona mpaka mlimani, na mtu akija unamwona tangu akiwa doa. Pale niliona miti, na nyuma ya miti, miti, na kitu chochote kingeweza kuwa kimesimama hatua chache nami nisijue. Kanga yangu ilikuwa imelowa upindo, nikampa Bibi akaitia kwenye kikapu chake. Tulipofika kwenye ngazi za mawe Kusuma akasema tuvue viatu. Bibi alivua kwa haraka, nadhani alifarijika, maana hata sisi hatuingii msikitini na viatu.

Ngazi zilikuwa za kijani kwa kuvu, zimeliwa katikati kwa kukanyagwa, na zenye ubaridi uliopanda mpaka magotini. Katikati ya njia nilihisi mguu wangu una maji ya moto. Nikatazama, nikaona ruba ameshiba juu ya kifundo, na damu ikinitoka ikidondokea mawe. Kusuma alimkwangua kwa ukucha, akanifuta, akaniambia ni kitu cha kawaida. Lakini damu ilikataa kukata, kila nilipokanyaga nikaacha alama. Niligeuka nyuma nikaziona alama zangu zikitufuata kupanda.

Juu kulikuwa na pango, na mlango wake umejengewa. Ndani mlikuwa na giza na popo, na taa ndogo nyingi za mafuta ya nazi, ile harufu. Macho yangu yalipozoea nilimwona mtu mkubwa kuliko gari amelala ubavu, mkono chini ya shavu, macho wazi. Leo najua ilikuwa sanamu, na najua wenyewe wanaiheshimu kwa nini. Lakini mimi nilikuwa namjua mtu mmoja tu anayelala vile. Nilifikiri huyu ndiye mgonjwa wao, mgonjwa wa zamani sana asiyepona wala kufa, na wale wanaomwekea maua na chakula ni wanawe. Alikuwa akinitazama mimi. Nilijificha nyuma ya buibui la Bibi, na Bibi mwenyewe alikuwa akisoma ayatul kursi chini ya pumzi, haraka haraka, asizungushe macho kule.

Nadhani tungalirudi pale pale. Bibi alikwisha kugeuka. Lakini tulipotoka kwa upande wa pili palikuwa na ua wa mchanga uliofagiwa, watawa wawili wa mashuka ya rangi ya machungwa wakipita pembeni, na katikati yake mti mkubwa uliojengewa ukuta mfupi na vyuma kuuzunguka, majani yake yenye ncha ndefu yakitetemeka na hali upepo hapakuwa. Na kwenye vile vyuma, na kwenye matawi ya chini, vilikuwa vimefungwa vitambaa. Vyeupe, vya manjano, vya buluu, vipya juu ya vikuukuu, vimejaa mpaka chuma hakionekani.

Bibi akasimama. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyekutana na jamaa ugenini.

"Kumbe mnao na nyie," alisema.

Kusuma akamweleza, kwa Kiswahili chake cha jikoni, kwamba watu wakiwa na shida hufunga kitambaa wakaomba, na wakipata hurudi kushukuru. Alisema hivyo tu. Yaliyobaki Bibi aliyajaza mwenyewe, kutoka Pemba. Aliniambia niende na Kusuma nikawatazame kima waliokuwa wakichezea ukuta wa kisima. Nilikwenda, lakini nilitazama nyuma. Bibi alitia mkono kikapuni akatoa kanga nyekundu. Akauma upindo kwa meno, akachana. Kusikia kanga mpya ikichanika si jambo dogo katika nyumba yetu, nguo ile hutunzwa kuliko dhahabu. Akakifunga kile kipande kwenye chuma, akakiwekea fundo la pili na la tatu, akaweka paji la uso wake juu ya mikono yake. Midomo yake ilikuwa ikienda.

Kanga iliyokuwa kikapuni ilikuwa yangu. Niliitia pale mwenyewe, kwa mkono wangu. Ya Bibi, kwa kadiri nilivyojua, ilikuwa nyumbani tulikofikia, kitandani kwa Mama. Na damu yangu ilikuwa tayari imo ngazini.

Bibi alipogeuka akaniona namtazama. Alikuja akanishika kidevu.

"Uliyoyaona hapa yabaki hapa. Babako akisikia ataniona nimekufuru. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Bibi."

Kesho yake asubuhi Mama aliomba uji. Siku zilizofuata homa ikashuka, na mganga mzee akamchoma kwa kijiti chini ya unyayo, na kidole gumba kikaruka. Baba, mtu asiyelia, alitoka nje akasimama akiutazama ukuta. Kusuma alilia wazi. Wote walinikumbatia, wakaniambia nifurahi, na nilifurahi, wallahi nilifurahi, nilikuwa namtaka mama yangu. Lakini nilikuwa nimeielewa biashara yenyewe. Mti umetoa. Sasa utadai.

Nilimwomba Bibi kanga yangu siku ya kurudi. Akasema ameshaitia mzigoni. Nilipomwomba tena Ibra, akasema imewekwa sandukuni na haitoki, hata siku ya Idi, mpaka wakati wake. Kama nilikuwa na shaka, ikaniisha.

Mama alianza kwa kukaa. Kisha akasimama akishika dirisha, kisha akawa anatembea akishika ukuta, mpaka rangi ya ukuta wa ukumbi ikapata mstari mweusi wa viganja vyake. Majirani walikuja kutazama, wakasema mashallah, wakaleta halua. Nami kila alipopiga hatua nilihisi kuna mwingine anayepiga hatua kuja upande wetu. Niliacha kwenda peke yangu kwenye mitende. Niliacha kunywa maji ya falaji kwa sababu sikujua yanatoka wapi. Nilikuwa nikichunguza kifundo changu, ile alama ya ruba ilikuwa imebaki nukta nyeusi, na nikaona kama inakua.

Akaja. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua la kupasua mawe, hakuna hata paka njiani. Nilikuwa juu ya dari nikaona, mbali kwenye kichochoro kati ya mitende, rangi ile. Rangi ya machungwa, ile ile ya mashuka ya watawa wa kule msituni, mtu mwembamba mweusi, kichwa kimefungwa kitambaa, anakuja polepole akisimama mlango hadi mlango. Nilishuka dari sijui kwa miguu ipi. Nikajitia ghala ya tende, nyuma ya magunia, nikaziba masikio. Lakini mlango wa ghala una mwanya, na mwanya unatazama geti.

Alisimama getini kwetu akagonga chuma kwa sarafu au kwa pete. Nikamwona Mama akitoka ukumbini. Hakushika ukuta. Hakukuwa na mtu karibu naye, na ua ule ni mpana, na Mama aliuvuka wote kwa miguu yake miwili na gilasi ya maji mkononi, akampa. Yule mtu alikunywa akimtazama Mama miguuni. Akarudisha gilasi, akainamisha kichwa, akatazama ndani ya ua wetu, huku na huku, kama anayetafuta kitu alichoagizwa. Kisha akaondoka.

Alikuwa mfagia njia wa baladiya, serikali ya mji. Wote huvaa nguo za machungwa, mpaka leo. Huenda alikuwa anatafuta kivuli cha kukaa. Hilo nimelijua nilipokuwa mkubwa. Siku ile Mama aliporudi ukumbini alipiga kelele za furaha kwamba amefika getini na kurudi, nyumba nzima ikamkimbilia. Mimi walinitoa ghalani baadaye, nina homa, na nilikuwa nimejikojolea.

Kusuma ndiye niliyemwambia. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa anapanga sanduku lake, na mimi nikamshika mkono nikamsihi akifika kwao aende kwenye ule mti akafungue fundo langu. Aliiweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. Kisha akacheka kwa huruma, akanikalisha kitandani kwake.

"Mtoto, pale nguo mingi sana. Mvua nakula yote. Mwaka moja tu, ile nguo hapana tena. Kwetu hapana chukua mtu."

Alidhani ananituliza. Mimi nilichosikia ni kwamba fundo litaoza, na fundo lililooza haliwezi kufunguliwa na yeyote. Akaondoka, na hatukusikia habari zake tena.

Mtu mwingine katika nyumba ile alikuwa akihesabu kama mimi, ila sikumwona. Bibi alianza kumwomba Baba amrudishe Sailan. Alimwomba mezani, alimwomba akitoka msikitini. Baba alimuuliza kwa upole kuna haja gani, na Bibi, ambaye hakuweza kusema, akasema ametamani mdalasini. Baba alimletea mdalasini kutoka Maskati, gunia zima. Tulicheka sana. Bibi pia alicheka, kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Siku zile alianza kugawa vitu vyake. Bangili zake akampa Mama, mbuzi ya kukunia nazi akampa jirani, na soko la wanawake la Jumatano, alilokuwa hakosi, akaliacha. Wakasema uzee.

Nilimuuliza mara moja tu. Alikuwa ananipaka mafuta, amekaa nyuma yangu, sikuweza kuuona uso wake. Nikamuuliza ile nguo ya kule, nani atakwenda kuifungua.

"Mwenye nguo," alisema.

"Na asipoweza kwenda?"

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. "Asipoweza atafuatwa. Lakini usiyawaze hayo, weye. Weye kula ukue."

Kula ukue. Mbuzi wa Idi naye huambiwa vivyo hivyo. Nikaacha kula.

Alikufa asubuhi, amekaa jikoni anachambua mchele, sinia mapajani. Hakuanguka. Mama ndiye aliyemkuta, na Mama alikimbia, ndiyo, alikimbia mpaka kwa jirani kuita watu. Daktari alisema moyo, na presha aliyokuwa nayo siku nyingi. Siku zote tatu za matanga Mama alisimama kwa miguu yake akiwapokea wanawake wa Ibra yote, na mimi nilikaa pembeni nikijua jambo ambalo hakuna aliyelijua. Waliotumwa na mti walikosea. Walikuja kunichukua mimi, wakamkuta Bibi. Au Bibi aliwazuia mlangoni. Vyovyote iwavyo, niliishi mimi niliyefungwa, akaenda yeye asiyefungwa, na hilo nililibeba skuli, nikalibeba chuo, nikaolewa nalo. Mtu mzima ndani yangu alikuwa akisema upuuzi huo, ni presha, ni shirki, ni hadithi za Pemba. Yule mtoto hakuwahi kujibu, ila hakuondoka.

Baba alipofariki Mama alikubali kuhamia kwangu Nizwa, na ikabidi sanduku la Bibi lifunguliwe. Miaka yote hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa. Tulikaa chini wawili, Mama na mimi, kufuli ikiwa imeshika kutu. Juu kulikuwa na miswala na tasbihi, chini yake mabuibui ya zamani, na chini kabisa, katika mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kanga nyekundu. Niliijua kabla sijaikunjua. Ilikuwa nzima. Niliipitisha pindo zote nne mkononi, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, uzi wa kijani kutoka pembe hadi pembe, na doa la juisi niliyoimwagia ndegeni. Hapakukosekana hata uzi mmoja.

Ya pili ilikuwa chini yake. Uzi mweupe. Upindo mmoja ulikuwa umechanwa wote, upana wa kiganja.

Alikuwa ametoka nayo siku ile. Zote mbili zilikuwamo kikapuni, na alichagua ipi aichane. Nilihisi mwili wangu wote ukifunguka, nikafurahi, nikafurahi kwamba sikuwa mimi, halafu nikajichukia kwa furaha ile, kisha nikalia kwa ajili yake. Alikuwa amejua tangu pale mchangani. Alijua kwamba Baba hatamrudisha, kwamba hana njia ya kurudi, na akaweka fundo la pili na la tatu.

Mama aliichukua akainyoosha magotini kwake. "Nani aliyeichana kanga nzuri hii? Bibi yako si mtu wa kuchana kanga."

Ningeweza kunyamaza. Niliahidi kunyamaza. Lakini Baba, tuliyemficha, alikuwa ardhini, na Bibi pia, na mimi nimechoka kuwa peke yangu na jambo lile. Nikamweleza yote, hekalu na mti na vitambaa, na Pemba, na kwa nini Bibi alikuwa akitamani mdalasini. Mama alikuwa akiipapasa ile sehemu iliyochanika kwa kidole, akienda na kurudi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunasema hivyo kila siku kama tunavyosema habari za asubuhi. Yeye alikuwa ndiye mwana mwenyewe, na uchungu ule ndiyo kwanza anaonyeshwa.

"Ningelijua," alisema mwisho, "nisingelisimama."

Tulikaa vile, kanga baina yetu, mpaka msikiti wa mtaani ulipoadhini alasiri. Mama aliitazama miguu yake kwa muda. Kisha akaweka mkono wake begani kwangu, akasimama, akaenda kutia udhu.